Wasichana viziwi na elimu ya hedhi

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu ugawaji wa taulo za kike shuleni. Ni jambo jema, lakini msichana kiziwi akipewa taulo bila kuelezwa matumizi yake kwa lugha ya alama, amesaidiwa nusu tu. Mafunzo mengi hutolewa kwa mdomo au redioni. Akienda zahanati, mara nyingi mkalimani wake ni kaka au baba. Binti gani ataeleza maumivu ya hedhi mbele ya baba yake? Mimi ni mama, najua atanyamaza.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama. Basi Wizara ya Afya iwafunze wanawake viziwi wawaelimishe wenzao, na kila wilaya iajiri mkalimani wa kike.

Mzazi, Jinja