Usiku wa poka na mabasi ya zamani

Kondele, Kisumu

Omera,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wote hapo Nakuru. Sisi huku hatujambo, mvua imeanza na joto limepungua. Uliniuliza kwenye simu shindano la poka la Jumamosi liliishaje, nikakwambia nitakuandikia. Nilijua maneno yatakuwa mengi, kwa sababu kilichonifanya nikeshe si karata peke yake.

Tulianza saa nne usiku, mtandaoni, wachezaji wa nchi nyingi, ada ya kuingia ndogo kuliko nauli ya kuja kwako. Mchezo wenyewe unaujua: kila mtu karata mbili za siri, kisha tano za wazi mezani, tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Lakini shindano lina ukali wake. Dau la lazima hupanda kila baada ya muda, kwa hiyo anayekaa kimya akingoja esi mbili, yaani jozi kubwa kuliko zote, ataisha polepole. Esi mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221! Saa za mwanzo nilitupa karata, nikatupa, nikatupa tena, huku nikiwasoma wenzangu: nani anaongeza dau haraka, nani anasitasita akiwa na karata nzuri. Mimi naipenda sehemu hiyo kuliko purukushani ya kutia chipu zote mezani.

Wengi tuliingia kwenye mchezo huu kwa hadithi ya Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee. Mwaka 2003 alijisajili mtandaoni kwa dola 86, akashinda nafasi ya kucheza World Series of Poker, shindano kubwa la poka kule Las Vegas, ambako kiingilio kilikuwa dola 10,000, akarudi nyumbani na milioni 2.5. Hadithi tamu. Ila Jumamosi mimi nilipata utamu wa aina nyingine.

Kushoto kwangu mezani alikaa mchezaji aliyeweka picha ya basi jekundu la ghorofa mbili. Nililitambua papo hapo: Routemaster la London. Nikamwandikia kwenye kisanduku cha mazungumzo, akajibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Kumbe yeye na wenzake wanatunza moja kwa mikono yao. Ndugu yangu, tuliongea hadi karata zikawa kazi ya pembeni. Akanieleza jinsi bodi lake lilivyotengenezwa kwa alumini, kwa ujuzi ambao mafundi wa mabasi ya London waliupata wakiunda ndege za kivita aina ya Halifax wakati wa vita vikuu vya pili. Yaliundwa 2,876 kati ya 1954 na 1968, na kila moja lina namba yake. La kwanza, RM1, lipo hadi leo. Desemba 2005 yalipoondolewa kwenye safari za kawaida, watu walijaa barabarani kuliaga la mwisho kwenye njia ya 159.

Halafu akaniuliza: na ninyi huko, mabasi yenu ya zamani yako wapi?

Nilimweleza tuliyoyaona utotoni, wewe na mimi. Keria juu imejaa magunia ya omena, mikungu ya ndizi kutoka Kisii, baiskeli na matenga ya kuku. Turniboi anapanda ngazi ya nyuma gari likiwa limeshaondoka, anapiga bodi kwa kiganja, mara moja simama, mara mbili twende. Nikamweleza ule mteremko wa kutoka Kericho kushuka Ahero, dereva mzee anaingiza gia ndogo kabla ya mlima kumshika, anakanyaga klachi mara mbili, injini inanguruma hadi vioo vinatetemeka, na breki hazigusi ila kidogo. Alifurahi sana kwa hiyo klachi. Alisema dereva anayejua hivyo ni fundi.

Lakini nilipotaka kumpa namba, miaka, majina ya walioyaunda, nilikuwa na machache mno. Najua Kenya Bus ilianza Nairobi 1934. Najua Leyland walikuwa na kiwanda Thika. Najua OTC, kampuni ya mabasi ya zamani, imebaki jina la steji jijini Nairobi. Haya yetu ya magharibi je? Na hapa ndipo linaponiuma. Routemaster moja likioza, yapo mengine yaliyotoka kwenye mchoro uleule. Yetu yalikuwa chesisi ya lori, bodi ikajengwa juu yake na fundi wa hapa hapa, kwa jicho lake na nyundo yake, ndiyo maana hakuna mawili yaliyofanana. Likikatwa vyuma chakavu, na mara nyingi hukatwa, haliachi pacha wala mchoro.

Shindano? Nilifika mbali, nikapewa kingi mbili, nikatia chipu zote. Aliyelikubali dau langu ni huyo huyo bwana wa basi, ana esi na kwini. Hapo mimi nashinda karibu mara saba kwa kumi. Karata ya mwisho ikaja esi ya shupaza, akawa na esi mbili, akanipiku. Alinishukuru kwa mchezo na mazungumzo, akaniomba picha ya basi la Kisumu lenye keria. Sikuwa nayo hata moja.

Kwa hiyo nakuomba, omera. Wewe unajuana na wale wazee wa gereji hapo Nakuru, na madereva waliostaafu. Kaa nao. Waulize basi liliitwaje, lilikuwa na injini gani, bodi iliundwa na nani, lilipita njia ipi. Ukikuta mzoga wa basi nyuma ya gereji, futa vumbi upige picha ya kibao cha chesisi, usukani na mlango, na kama jina lililochorwa mbele bado linasomeka, hilo usiliache. Mimi nitaanza na mafundi wa Kibuye. Mwisho wa mwezi nitakuja na daftari tulinganishe.

Shindano lijalo ni Jumamosi saa nne usiku. Jisajili mapema, na bando lisikuishie katikati.

Ndugu yako wa Kondele