Boti za faiba zikigonga mwamba zipimwe, zisipakwe rangi tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie boti za faiba, ambazo sasa zimeenea kuanzia soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga hadi Kigombe na Pangani, nyingine zikiwa za mkopo ambao wavuvi bado wanaulipa. Ni nyepesi na haziozi, nami naziunga mkono. Linalonitia wasiwasi ni namna tunavyozikagua baada ya kugonga mwamba au ukuta wa gati.

Ubao ukipasuka, ufa huonekana na fundi wa kalafati hujua pa kuanzia. Faiba ni matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoshikanishwa kwa resini, na pigo la wastani laweza kuacha mkwaruzo mdogo juu ya rangi ilhali matabaka yameachana, na nyuzi za upande wa ndani, ambao aghalabu umefunikwa na sakafu, zimekatika. Sehemu hiyo yaweza bado kuhimili kuvutwa, lakini uwezo wake wa kuhimili kugandamizwa hupungua sana, na mawimbi yanayopiga omo (sehemu ya mbele ya boti) siku baada ya siku huweza kuupanua mwachano. Kupaka puti na rangi juu yake ni kuifuta dalili pekee iliyokuwapo, na jambo hilo linaniumiza kila ninapoliona.

Uchunguzi usiohitaji kukata wala kutoboa upo. Wa kwanza hauna gharama: kugonga taratibu kwa sarafu au kinyundo chepesi na kusikiliza, kwa kuwa sehemu isiyo na madhara hutoa mlio mkali na iliyoachana hutoa mlio mzito uliofifia. Mafundi wa ndege huutumia hadi leo katika nyenzo za jamii hii, ambazo ni karibu nusu ya uzito wa Boeing 787. Hata hivyo unahitaji sikio lililozoea na mahali tulivu, wala haufichui vyema madhara yaliyojificha ndani sana ya faiba nene. Hapo hutakiwa kipimo cha mawimbi ya sauti, mfano wa altrasaundi ya hospitali, ambacho hupokea mwangwi na kuonyesha mwachano uko kina gani. Ieleweke tu kwamba nyuzi za kioo hutawanya mawimbi hayo, hivyo huhitajika masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya chini kuliko yanayozoeleka kwa chuma. Kifaa cha kupimia mabati ya meli kisichukuliwe kilivyo.

Napendekeza wakaguzi wa vyombo vya majini waingize kipimo cha kugonga kwa kinyundo kwenye omo, mkuku (uti wa chini wa boti) na mbavu katika ukaguzi wao, vikundi vya BMU (vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali za uvuvi ufukweni) viandike katika daftari kila boti iliyogonga mwamba au gati, na halmashauri za Tanga na Pangani zichangie kipimo kimoja cha mawimbi pamoja na mafunzo ya watakaokitumia. Boti iliyogonga isibebe watu kabla ya kupimwa, na mipaka ya sehemu iliyoachana ichorwe kwa chaki juu ya boti yenyewe, ili fundi ajue akate hadi wapi kabla ya kuweka matabaka mapya.

Fundi boti,
Sahare, Tanga