Kabla ya Kuomba Kidonge, Tuambie Ulitibiwaje

Katika duka letu la dawa hapa Kisumu, wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume huja jioni, wakati wateja wamepungua, na wengi wao huulizia kwanza dawa ya kikohozi kabla ya kusogea karibu na dirisha na kutaja kwa sauti ya chini kilichowaleta. Wanataka kidonge cha nguvu za kiume. Swali letu la kwanza huwashangaza: mzee, ulitibiwa kwa njia gani? Hatuulizi kwa udadisi. Upasuaji, mionzi na dawa za homoni kila kimoja hugusa sehemu yake ya mwili na kwa wakati wake, hivi kwamba kidonge kinachomfaa mtu aliyepigwa mionzi kinaweza kukosa kazi kabisa kwa jirani yake aliyeondolewa korodani.

Tuanze na upasuaji, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno. Tezi dume imekaa chini ya kibofu cha mkojo, na kila upande wake imeambaa mishipa ya fahamu myembamba sana ambayo huamuru damu ijae kwenye uume. Zamani mishipa hiyo ilikatwa pamoja na tezi, na mwanaume alitoka hospitali akiwa amepona saratani lakini uume hausimami tena. Mnamo 1982 daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alifanya upasuaji wa kwanza uliokusudia kuinusuru, na tangu hapo madaktari hujitahidi kuibakiza pale ambapo saratani haijaifikia. Hata hivyo, mshipa wa fahamu usiokatwa huwa umevutwa na kuguswa wakati wa upasuaji, nao hupona polepole sana, mara nyingi kwa miezi 18 hadi 24. Kwa hiyo mtu aliyetolewa mpira wa mkojo wiki tatu zilizopita, akameza kidonge kimoja usiku mmoja na kuona hakuna kilichotokea, hajapata jibu lolote kuhusu maisha yake ya baadaye. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tumewaona wanaume wakifunga ukurasa huo wa ndoa yao katika mwezi wa pili.

Mionzi huenda kinyume cha hapo. Mwanaume hutoka kwenye matibabu akiwa na nguvu zake, kisha mishipa ya damu huanza kuharibika taratibu, na upungufu hujitokeza baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, wakati ambapo hakuna tena anayeikumbuka ile mionzi. Wengine husingizia umri, wengine hudhani wamerogwa. Habari njema ni kwamba vidonge huwasaidia wengi wa kundi hili, hasa kama sukari na presha zimedhibitiwa.

Kwa anayechomwa sindano za homoni kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, au aliyeondolewa korodani, kinachopungua kwanza ni hamu yenyewe, kwa sababu matibabu hayo yanakusudia kuishusha testosteroni ambayo huilisha saratani. Kidonge hakileti hamu. Mwanaume wa kundi hili asinunue kamwe dawa za kuongeza testosteroni, hata zikiwa na picha ya simba kwenye kifuniko, maana atakuwa anairutubisha saratani aliyogharimika kuizuia.

Sasa tuje kwenye kidonge chenyewe. Sildenafili humezwa kiasi cha saa moja kabla ya tendo la ndoa, tumbo likiwa tupu au jepesi. Ukiimeza baada ya ugali na samaki wa kukaanga, mafuta yataichelewesha na utadhani umeuziwa dawa bandia. Tadalafili haijali chakula, na kazi yake inaweza kudumu hadi saa 36, jambo linalowafaa wanandoa wasiopenda kukimbizana na saa. Zote mbili zinahitaji mguso na mapenzi, kwa kuwa haziamshi chochote kwa mtu aliyeketi akitazama ukuta. Ni vyema kuzijaribu mara sita hadi nane, kwa kipimo alichokubali daktari, kabla ya kusema zimeshindwa.

Kuna watu ambao hatutawauzia bila barua ya daktari. Anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, kama isosobaidi au kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, anaweza kufa kwa kushuka ghafla kwa presha. Anayetumia tamsulosini ya mkojo anahitaji uangalifu, na vivyo hivyo anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi zenye ritonaviri, ambayo huifanya sildenafili ikae mwilini kwa wingi kupita kiasi. Tuambie bila kuona haya. Yanayosemwa katika chumba chetu hayatoki nje.

Wengi hutuuliza kuhusu mukombero, ule mzizi unaouzwa kando ya barabara huku kwetu magharibi. Anayependa kuutafuna na autafune, lakini haushoni mshipa wa fahamu ulioumia. Tunachokiogopa zaidi ni zile poda zisizo na jina la mtengenezaji, kwa sababu baadhi ya bidhaa za aina hiyo, zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zilikutwa zimechanganywa na sildenafili bila mnunuzi kuambiwa, na mgonjwa wa moyo hawezi kujikinga na asichokijua.

Vidonge vikishindwa, bado safari haijaisha. Pampu ya kuvuta hewa haitegemei mishipa ya fahamu hata kidogo: huvuta damu ijae kwenye uume, kisha mpira maalumu huvishwa kwenye shina ili damu isirudi. Mpira huo usizidi dakika 30. Uume utakuwa wa baridi kidogo na rangi yake itaiva, na hilo si hatari, ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atuulize kwanza. Ipo pia sindano ndogo ya uume, ambayo daktari humfundisha mgonjwa kujichoma, na uume ukisimama zaidi ya saa nne ni dharura ya kukimbilia hospitali. Mwisho kuna kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya uume kwa upasuaji.

Jambo ambalo wachache huambiwa ni kwamba kufika kileleni na kusimama kwa uume ni mambo mawili. Mwanaume aliyetolewa tezi anaweza kufika kileleni hata uume ukiwa umelegea, ingawa hatatoa shahawa. Kwa hiyo anayetaka bado mtoto azungumze na daktari kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya upasuaji. Mkojo kidogo unaweza kuvuja wakati wa kufika kileleni. Kwenda haja ndogo kwanza husaidia, na pia zoezi la kukaza na kulegeza, mara kadhaa kwa siku, ile misuli unayoitumia kuuzuia mkojo. Na saratani haimwambukizi mke.

Mama mmoja alitujia peke yake, akasema mumewe amehamia chumba cha watoto tangu atoke hospitali, na yeye mama ameshaamini kwamba amemchukiza mumewe. Mume alipokuja wiki iliyofuata alisema alihama ili asimtamanishe mkewe kitu asichoweza kumpa. Miezi yote hiyo kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake huruma kutoka upande wa pili wa ukuta. Hatukuwauzia chochote siku hiyo. Tuliwaomba warudi kulala kitanda kimoja na kushikana bila kulazimisha tendo, na mama tukamweleza kuhusu jeli ya maji ya kulainisha, kwa kuwa ukavu baada ya kukoma hedhi nao huumiza na hausemwi.

Tuna chumba cha faragha nyuma ya duka, ambamo mfamasia hukaa na mteja bila kuharakishwa. Njoo na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali, iwe ulitibiwa hapa Jaramogi au Moi kule Eldoret, na dawa zako zote ndani ya pakiti zake, zikiwemo za sukari na presha. Pampu huagizwa, na tunamwonyesha mteja namna ya kuitumia kabla hajalipa. Anayehitaji sindano au kipandikizi tunamwandikia barua arudi kwa daktari wake wa njia ya mkojo. Mwenzi wako akikubali kuandamana nawe, viti ni viwili.