Barua ya wazi kwa Mtendaji wa Kata yetu: ukuta wako umeishia njiani

Ndugu Mtendaji,

Salaam. Mimi ndiye yule mzee wa ngazi ya miti na makopo ya rangi, uliyeniita wiki moja kabla Mwenge wa Uhuru haujapita kwetu. Siku ile ulinitangulia kwa shikamoo, nikaitikia marahaba, ukaniagizia chai na chapati mbili. Kwa hiyo mtu asije akasema nakuandikia kwa ugomvi. Nakuandikia kwa sababu ya sentensi moja.

Ulitaka ukuta wa mbele wa ofisi uandikwe maneno ya Mwalimu Nyerere. Nilipiga msasa, nikapaka nyeupe mikono miwili, nikavuta mistari kwa kamba ya chaki. Ukuta ule una mita sita na nusu, nimeupima mwenyewe. Nikaanza na herufi kubwa nyeusi: CHEO NI DHAMANA. Nilikuwa nimeshuka kuhamisha ngazi upande wa kulia ulipotoka nje, ukasimama mikono kiunoni, ukasema, "Hapo hapo mzee, panatosha." Nikakwambia bado kuna maneno. Ukajibu, "Wananchi wanaelewa."

Kwanza turekebishane kidogo. Yale ni maneno ya TANU, chama kilichotuletea uhuru, mojawapo ya ahadi za mwana-TANU, ingawa Mwalimu ndiye aliyeyatia uzito mpaka watu wakadhani ni yake peke yake. Sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya sabini tuliyakariri tukiwa mstarini, jua la asubuhi usoni: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Hakuna aliyekuwa na cheo pale, labda kiranja wa zamu, lakini tulipiga kelele kama mawaziri.

Hebu itazame sentensi hiyo kama fundi anavyotazama mbao. Kipande cha kwanza ni habari tu. Cheo ni dhamana, kama vile maji ni uhai. Mtu yeyote anaweza kukaa chini ya maneno hayo akanywa soda yake bila wasiwasi. Kipande cha pili kinaanza na "si-". Humo ndani kuna mtu, anasema mimi. Na hapo kwenye "wala cha mtu mwingine" ndipo ninapopapenda kuliko pote. Aliyetunga alikuwa anamfahamu shemeji wa mkubwa, anamfahamu dereva anayesema "bosi kanituma", anamfahamu na yule kijana anayepita sokoni kukusanya vitu kwa jina la ofisi. Sasa wewe umeniagiza niandike habari, halafu ahadi ukaniambia niiache kwenye kopo.

Miaka thelathini na zaidi nachora mabango. Kazi nilijifunza Kariakoo, nikiwa mshika ngazi wa fundi mmoja aliyekuwa na mkono mzuri wa herufi na mdomo mbaya kwelikweli. Nimeandika kwenye malori, kwenye mabanda ya simu, kwenye bajaji. Wateja wangu wa kawaida hawakati maneno. Kuna mama lishe hapo stendi aliyetaka niandike juu ya meza yake: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Rangi nyekundu iliniishia baada ya "harusi", nikamwambia nitarudi kesho yake. Hakukubali. Akasema, "Baba, ukiniachia hapo, leo hii watu watakuja kula wali kwa foleni." Akatoa hela yake mwenyewe nikanunue kopo lingine. Yule mama hajawahi kukaa kwenye semina yoyote ya uongozi.

Halafu kuna jambo sikukwambia siku ile. Nilipokuwa napiga msasa, ukuta ulinifungulia historia yake. Juu kabisa nilikuta mabaki ya KAZI IENDELEE, ya juzi tu, tangu 2021. Chini yake HAPA KAZI TU ya 2015, ambayo sisi mafundi tuliipenda sana kwa kuwa ni maneno matatu na rangi haiishi. Chini yake tena kipande cha ARI MPYA, NGUVU MPYA NA KASI MPYA cha 2005. Ile ilikula makopo! Kona ya kushoto plasta ilipobanduka, nikaona herufi za zamani sana, za mkono, kijani iliyopauka: NI KILIMO. "Siasa" ilikuwa imekwishaondoka na plasta. Lile lilikuwa tamko la Iringa la 1972, siasa ni kilimo, na pengine aliyeliandika hayupo tena duniani. Nilikaa juu ya ngazi kwa muda nikiyatazama. Nikayapaka nyeupe, ndiyo kazi niliyopewa.

Nilichojifunza kwa mkono wangu ni kwamba kauli zetu zimekuwa zikifupika. Tulipopata uhuru kilio kilikuwa "Uhuru na Kazi", na ile "na" ilikuwa inambana kila mmoja. Mwalimu alipokuwa anaeleza ujamaa mwaka 1962 alitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiikata katikati inabaki karamu tupu.

Azimio la Arusha, lile tamko la TANU la siasa ya ujamaa, nalo halikupona. Kila mtu wa rika langu atakutajia kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Waulize sasa uongozi bora ulielezwaje humo humo. Wachache watakujibu. Azimio la 1967 lilitaja masharti waziwazi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yakalegezwa. Sisemi ilikuwa kosa tupu. Maisha yalikuwa yamebadilika, na mshahara wa mtumishi ulikuwa hautoshi hata nusu mwezi. Mzee Mwinyi, rais wa wakati huo, anakumbukwa kwa kusema kila zama na kitabu chake, na hapo simbishii. Mimi mwenyewe nina chumba kimoja cha uani nimempangisha fundi cherehani. Lakini masharti yaliondoka, yale maneno manne mazuri yakabaki yananing'inia kama koti lisilo na mtu ndani.

Sasa na hili la malipo, maana najua ndilo watakalonisema nalo. Tulipatana bei, ukanipa nusu kama kianzio. Nusu ya pili nimeambiwa njoo Jumatatu, nikaja. Njoo mwisho wa mwezi, nikaja. Karani akasema faili liko mezani kwa mkubwa. Mke wangu akacheka sana. Akasema, "Si umeandika nusu? Umelipwa nusu. Mbona ni haki?" Nikakosa la kumjibu, nikala ugali wangu kimya. Hilo deni tutalimaliza mimi na wewe ofisini, kiutu uzima. Sitaki barua hii isomwe kama dai.

Ninachoomba ni ukuta. Upande wa kulia zimebaki mita tatu na kidogo, nyeupe, na watoto wa shule wameanza kuchora mipira na majina yao. Maneno yaliyobaki ni kumi. Nikipunguza ukubwa wa herufi kidogo na kuyapanga mistari miwili, yanaingia. Rangi nyeusi ninayo, ilibaki robo kopo, na sitakutoza hata shilingi. Kama kuna kikao kinachotakiwa kuidhinisha, kifanyike, ila nakumbusha tu kwamba kukata maneno hakukuhitaji kikao.

Jumamosi hii nitakuwa hapo saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Mlinzi nimeshamwarifu, kasema geti atafungua wewe ukimruhusu. Ngazi nimeiacha kwake tangu jana.

Wako,
Mchora mabango wa stendi