Vijana wangu mnaorusha habari, jeshi gani hilo?

Vijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea, sasa tulieni mnisikilize maana juzi mmenipandisha presha.

Asubuhi sijanywa hata chai simu inalia, ujumbe unasema "Jeshi limefunga barabara kuu, msitoke". Bibi yenu akatia komeo, akawaita wajukuu ndani, akaenda kuangalia unga umebaki kiasi gani, mi nikavaa ndala nikatoka. Nakuta nini? Trafiki wawili na lori limelala ubavu. Nikamuuliza alieandika, ananijibu kwani babu, si Jeshi la Polisi? Haya, ndo jina lake kweli, sasa hiyo "la Polisi" uliipeleka wapi?

Hapa kwetu Tanzania jeshi kwenye majina rasmi sio la vita peke yake, kuna Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hata JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, wanaolima na kujenga nao ni jeshi. Ila ukilitaja hivihivi, "jeshi" bila mkia, kila mtu anasikia JWTZ, lile la vita lenyewe, anaona vifaru na kombati za mabaka. Kwahiyo ukikata mkia umeandika habari nyingine kabisa.

Askari nae ni mtu mmoja, sio jeshi zima, tena neno pana: kuna askari polisi, askari magereza, askari wanyamapori, askari kanzu ambae sare huioni. Wa JWTZ nae ni askari lakini mwandike mwanajeshi tujue ni yupi. Mjeda semeni vijiweni huko, sio kwenye taarifa ya msiba. Na hii "maaskari" nimeshachoka kupigana nayo, ila "jeshi wamekuja" hapana jamani, jeshi limekuja, wanajeshi wamekuja.

Alaf kuna Amiri Jeshi Mkuu na Mkuu wa Majeshi, hawa mnawachanganya kila siku. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, ipo kwenye Katiba ibara ya 33, Mkuu wa Majeshi ni jenerali anaeteuliwa na huyo Rais. Kuna mmoja wenu aliwahi kuandika Amiri Jeshi Mkuu kastaafu, nusu ya mtaa wakajua Rais kaachia ngazi! (Hilo amiri ni la Kiarabu, Wazungu nao walilibeba wakalifanya admirali wa meli zao, lakini tusitoke nje ya mada.)

Na JWTZ yenyewe muwe mnaiandika kwa kirefu japo mara moja, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la kabla ya hili, waliasi kambini Colito, ndo Lugalo ya leo, jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaanzishwa hili. Jina la zamani lilitaja bunduki, ndo hizo "rifles", la sasa linataja watu, mi hapo huwa napapenda sana, ndo maana vile vifupisho vyenu vya haraka haraka vinaniuma.

Wewe ulieandika ya lori, tuma tena leo na "la Polisi" yake ikiwepo. Bibi yako mpaka sasa shamba hajaenda.