Rangi nyeusi pekee haitoshi kuutambua udongo wa mfinyanzi wa mbuga

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu wanaonunua viwanja na mashamba upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Changamwe na Miritini kwenda juu. Madalali wamezoea kutaja "udongo mweusi", na kila msikilizaji hufahamu apendavyo: mkulima husikia rutuba, fundi husikia kuta zitakazopasuka. Rangi hiyo peke yake haithibitishi lolote kati ya hayo. Katika eneo letu kuna angalau namna tatu za udongo mweusi, na kinachoufaa mmoja huuharibu mwingine.

Unaoogopwa zaidi ni mfinyanzi wa mbuga, ule ulioenea nyanda za Athi na Kapiti, Mwea, Kano na sehemu za delta ya Mto Tana. Wataalamu huuita vertisoli. Katika mfumo wa uainishaji wa Marekani ni mojawapo ya oda 12, yaani makundi makuu, na katika mfumo wa kimataifa ni mojawapo ya makundi 32 ya udongo. Mifumo yote miwili inakubaliana kuhusu masharti ya msingi, na rangi si mojawapo. Kwanza, chembe za ufinyanzi, yaani zilizo ndogo kuliko milimita 0.002, ziwe asilimia 30 au zaidi. Pili, udongo uwe unapasuka wakati wa ukavu na kujifunga unapolowa, tena na tena. Sharti la tatu ndilo linalosahaulika: ndani ya mita 1 kutoka juu lianze tabaka la unene wa sentimita 25 au zaidi lenye nyuso zilizosuguana zikang'aa, au mabonge yenye umbo la kabari yaliyolala mshazari. Asiyechimba hawezi kuliona hilo la tatu, hata awe na macho ya tai.

Nyuso hizo hutokana na msukumo. Ufinyanzi wa mbuga una madini ya smektaiti, ambayo matabaka yake membamba hushikana kwa nguvu ndogo, kwa hiyo maji huingia katikati na kuyatanua. Udongo ukiwa umebanwa pande zote hukosa pa kutanukia. Kipande kimoja hulipanda kingine kwa mshazari na kukisugua. Wakati wa kiangazi udongo hupungua, nyufa hufunguka, na punje kavu za juu hudondokea ndani. Mvua inaporudi, nafasi iliyokuwa wazi imekwisha kujaa, na msukumo huongezeka. Ndiyo maana ardhi ya mbuga huwa na vijilima na vibonde vidogo visivyochimbwa na mtu, nguzo za ua huinama, na miti mikubwa ni michache. Nyasi hustahimili kuliko miti ambayo mizizi yake hukatwakatwa kila msimu.

Wingi wa ufinyanzi bila kujua aina yake hautoshi pia. Udongo mwekundu wa Kiambu, unaoitwa nitisoli, una ufinyanzi uliovuka asilimia 30, na mara nyingi kuvuka sana, lakini umejaa madini mengine, kaolinaiti, ambayo hayatanuki hivyo. Watu hujenga juu yake bila msukosuko huu. Kwa upande mwingine, zipo vertisoli za kahawia na hata zenye wekundu. Na yule anayedhani weusi wa mbuga ni mboji ajue kwamba mboji yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 0.5 na 2; inatosha kuupaka rangi kwa sababu imeshikamana na ufinyanzi.

Namna ya pili ya udongo mweusi ni tope la mikoko, lililoko kandokando ya Tudor, Port Reitz na hori ya Mtwapa. Nalo hunata, nalo hupasuka linapokauka, na mtu mwenye haraka hulitia kundi moja na mfinyanzi wa mbuga. Weusi wake ni wa salfaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na salfa. Lifukue mbichi, utasikia harufu ya yai viza. Vertisoli huwa na pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho chini ya 7 ni asidi, ya kati ya 6 na 8.5; tope hili linaweza kuanzia karibu na 7, lakini likipata hewa huzalisha asidi ya salfa na kushuka chini ya 4. Kwa hiyo usipime siku ya kwanza pekee. Liache katika sahani likiwa na unyevu kidogo kwa wiki 8 hivi, kisha pima tena. Asidi hiyo hula saruji na nondo, na mimea haiivumilii. Kulitoa maji tope hilo na kulikausha, jambo ambalo lingeusaidia mfinyanzi wa mbuga, ndiko kunakolichochea.

Namna ya tatu ni udongo mfupi wa juu ya matumbawe, mweusi kwa majivu, mboji na taka za miaka mingi. Unafaa bustani ya mchicha na haupasuki. Sina zaidi la kusema juu yake.

Sasa shimo. Wakati mzuri wa kulichimba ni Januari au Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na nyufa zimefunguka. Kiwanja kinachoonyeshwa Juni, baada ya mvua kubwa ya masika, huwa na nyasi kijani na uso uliofungana kabisa. Chimba mita 1 kwa mita 1, kina cha mita 1.2, na usiingie shimoni baada ya mvua kwa sababu kuta zake huporomoka ghafla. Usitumie keekee ya udongo badala ya shimo: huzungusha na kuvuruga zile nyuso unazozitafuta, kisha yenyewe hutengeneza nyuso laini za uongo. Toboa ukuta wa shimo kwa ncha ya kisu, ng'oa bonge kwa mkono, uangalie lilipoachana. Nyuso halisi hung'aa na zina michirizi inayoelekea upande mmoja. Pima upana wa nyufa na kina chake kwa waya mwembamba; za kuhesabiwa ni zenye upana wa nusu sentimita au zaidi. Angalia pia vidonge vyeupe vya chokaa asilia. Kwa anayejenga, shimo liendelee hadi chini ya mahali nyufa zinapoishia.

Kipimo cha mkono ni rahisi. Lowesha udongo, ukande mpaka usiache vibonge, kisha usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukizidi sentimita 7.5 kabla ya kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Kipimo cha chupa, cha kutikisa udongo majini na kungoja utuame, hudanganya sana hapa Mombasa. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi huzikusanya chembe za ufinyanzi zikashuka upesi, hata ukadhani ni tifutifu. Tumia maji ya mvua.

Ninachokithamini zaidi ni kipimo cha kutanuka, maana gharama yake ni ndogo na jibu lake ni namba. Kausha udongo, uponde, uchekeche kwa chekeche ya milimita 0.425. Pima gramu 10 mara mbili. Fungu moja litie katika silinda ya mililita 100 yenye maji safi, la pili katika silinda ya mafuta ya taa, ambayo hayautanui ufinyanzi. Koroga kutoa mapovu, acha saa 24, usome ujazo wa udongo uliotuama. Ukipata mililita 24 kwenye maji na 11 kwenye mafuta ya taa, tofauti ni 13; gawanya kwa 11, unapata takriban asilimia 118. Udongo unaozidi asilimia 100 huweza kuinua nyumba ya ghorofa moja. Kosa la kawaida ni kumimina fungu lote kwa mkupuo, likafunga hewa ndani. Nyunyiza kidogo kidogo.

Nyumba haiharibiki kwa sababu udongo ni laini. Huharibika kwa sababu unyevu chini yake haulingani. Katikati ya sakafu hubaki na unyevu na kutanuka, pembeni hukauka na kupungua, na nyufa za mshazari huanzia pembe za madirisha. Tangi linalovuja au maji ya bafu yanayomwagwa nyuma ya ukuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa kinyume. Tabaka likiwa fupi, liondolewe lote, ujaze maramu iliyoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15. Likiwa nene, chokaa iliyozimwa husaidia chini ya barabara na sakafu: asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Kwa mita mraba 1 yenye unene wa sentimita 15, na udongo wa kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, una kilo 210 za udongo. Asilimia 5 ni kilo 10.5 za chokaa. Changanya, lowesha, funika siku 1 hadi 3, changanya tena, ndipo ushindilie. Mabonge yakibaki makubwa, chokaa haifiki ndani. Na iwe chokaa iliyochomwa kweli: unga wa matumbawe au chokaa ya kilimo ni kabonati tu, yaani chokaa isiyochomwa, hauna nguvu ya kuubadili ufinyanzi. Udongo wenye jasi au salfeti nyingine usitiwe chokaa kabla ya kupimwa, kwa sababu mchanganyiko huo hutengeneza fuwele zinazotanuka kuliko udongo wenyewe. Shimo la kunywa maji taka nalo hujaa mapema, maana nyufa zikifunga maji hayapenyi.

Shambani, siku za kulima ni chache. Fikicha udongo kiganjani: ukiviringika kuwa uzi wa milimita 3, umelowa mno na jembe litaushindilia, ukivunjika punje punje, lima. Matuta mapana ya mita 1 yenye mfereji wa sentimita 50 katikati, yakishuka sentimita 40 hadi 80 kwa kila mita 100, hutoa maji ya ziada bila kuubeba udongo. Gawanya mbolea ya nitrojeni, usiitie yote mwanzoni, kwa sababu maji yakituama sehemu yake hugeuka gesi na kupotea. Mpunga ukionyesha upungufu wa zinki, chanzo mara nyingi ni pH ya juu.

Wengine hutegemea ramani ya udongo ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 1982. Ni kazi kubwa, lakini kipimo chake ni 1 kwa 1,000,000, yaani sentimita moja ni kilomita 10. Kisiwa chote cha Mombasa hakifiki sentimita moja. Kutoka miamba ya tope lililoganda ya Miritini hadi miamba ya mchanga ya Mariakani udongo hubadilika mara kadhaa. Anayepeleka sampuli maabara achukue kilo moja kwa kila kina: sentimita 0 hadi 20, kisha 50, kisha 100, kila moja katika mfuko wake wenye alama, na aombe asilimia ya ufinyanzi, mipaka ya unyumbufu (viwango vya unyevu ambapo udongo huanza kufinyangika na kisha kutiririka), kupungua kwa urefu unapokauka, pH, chumvi na salfeti. Muuzaji asiyekubali shimo lichimbwe kabla ya malipo, mnunuzi apunguze bei kwa gharama ya kuuondoa mfinyanzi mita nzima.

Mpimaji wa udongo,
Changamwe, Mombasa