Mwandishi wa Hatari! ana jina

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikwenda kutazama Hatari! katika onyesho la filamu za kale hapa jijini. Karatasi tuliyopewa mlangoni ilimtaja John Wayne, ikamtaja mwelekezi Howard Hawks, ikataja hata vifaru wa Tanganyika. Mwandishi hakutajwa. Nilirudi Makadara nimeudhika.

Mswada wa filamu hiyo ya 1962 uliandikwa na Leigh Brackett, mwanamke. Mimi huuza vitabu vikuukuu kando ya Mtaa wa Tom Mboya, na kwa miaka mingi nilidhani ni mwanamume. Hawks naye alidhani hivyo: alipenda riwaya yake ya upelelezi, akaagiza aitwe jamaa huyo, akaingia msichana. Alimwajiri, akamweka kazini pamoja na mwandishi wa riwaya William Faulkner.

Tangu 1940 Brackett alikuwa akiuza hadithi za Mirihi na Zuhura kwa majarida ya bei rahisi, yale ya karatasi inayogeuka manjano na kumeguka ukingoni ukiigusa tu. Hollywood ilipomwita alikuwa katikati ya hadithi. Nusu iliyobaki alimwachia rafiki yake, mwandishi Ray Bradbury, aimalize. Baadaye zikaja filamu za kauboi: Rio Bravo ya 1959, El Dorado, Rio Lobo.

Rio Bravo niliiona utotoni kwenye sinema ya bure uwanjani, shuka ikipepea hadi uso wa Wayne unapinda. Kuna askari mlevi mle, mikono inamtetemeka. Anasikia muziki wa maadui, anatulia, anairudisha pombe chupani bila kumwaga hata tone. Uwanja mzima ulinyamaza. Tukio kama hilo huanzia kwenye karatasi ya mwandishi. Filamu hii waliiandika Brackett na Jules Furthman.

Alifariki Machi 1978, muda mfupi baada ya kukabidhi mswada wa kwanza wa filamu ya pili ya Star Wars. Alikuwa amerudi kwenye nyota zake.

Yupo binti mwanafunzi, mteja wangu, anayeandika hadithi za sayari kwa Kiswahili katika daftari la mistari. Mwalimu wake alimwambia hizo ni porojo. Nilimpa kitabu cha Brackett ambacho jalada lake nililibandika kwa uji wa unga wa ngano. Akaligeuza, akauliza, “Mzee, kumbe huyu ni mama?”

Waandaaji wametangaza kuwa wataionyesha Hatari! tena mwezi ujao. Naomba wamwandike Brackett kwenye karatasi yao, kwa herufi zilezile za Wayne. Nitakuja na yule binti.

Muuza vitabu,
Nairobi